Manyoya Kumi na Mawili ya Diwani

Malangali, Sumbawanga
Jumanne asubuhi

Kaka yangu Kalisti,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Jenifa na mwanangu Albina. Kifua cha wifi kimepona? Ulezi mmeshamaliza kupura? Mimi sijambo, na baridi ya huku siisikii kwa furaha. Nimeandika kwa sababu simu yako unaiweka spika nyumba nzima isikie, na haya nataka uyajue wewe kwanza.

Kaka, nimevua kuhe, yule samaki mkubwa wa Tanganyika! Mimi Bertilla, kwa mkono wangu, kwa chambo nilichokifunga mwenyewe!

Unakumbuka siku ya komunyo ya Albina? Ulinisimamisha mbele ya wageni hamsini na watatu, niliwahesabu, ukasema dada yako kamaliza vichwa vya watu Sumbawanga, sasa anasuka samaki. Walicheka mpaka katekista akafuta machozi. Mimi niliyeanza na kiti kimoja cha plastiki na kitana, leo nina viti vinne na wasichana wawili niliowafundisha kazi.  Neno lile liliniuma, na bado linauma.

Yote yalianzia kabla ya siku hiyo, kwa Flavian, yule anayeendesha boti Kipili na kuwapeleka wageni ziwani kuvua kwa fimbo. Alimleta mkewe asukwe, akanionyesha chambo kilichotafunwa na samaki: hakina mnyoo wala nyama, ni nywele na manyoya tu yaliyofungwa kwenye ndoano, ukikivuta majini kinaogelea kama dagaa. Akasema vya wageni vimekwisha, akanitania kwamba msusi anayejisifu hivi hawezi kushindwa na kichwa kisicho na mdomo wa kulalamika.

Cha kwanza nilikisuka kama ninavyosuka mteja, mkia nikaubana wote. Kilipendeza hata wasichana wangu wakakipiga picha. Majini kikawa kijiti! Flavian alikirusha mara arobaini, akaniambia samaki walikuwa wanakisindikiza kwa mbali tu, kama watu kwenye msiba wa mgeni. Ndipo nikaelewa. Nywele za mtu tunazibana zisicheze, za samaki zisipocheza hazina kazi.

Nikaanza upya. Uzi mizunguko ishirini na sita kwenye ndoano. Rasta nyeupe chini, nyeusi juu, nimeibana kichwani tu, sentimita tisa zote za nyuma ziko huru. Katikati vipande vinne vya karatasi ing'aayo ya ndani ya pakiti ya biskuti. Macho, rangi ya kucha. Mwisho unyoya mmoja kila ubavu, laini, wenye madoa. Nikakivuta kwenye beseni la kuoshea nywele, manyoya yakawa yanafunguka na kujifunga kama kinapumua. Nilipiga kelele, mteja akaruka na dawa kichwani!

Nikafunga sita, Jumamosi nikaenda Kipili. Flavian akanipa fimbo. Nilirusha mara kumi bila kitu. Mara ya kumi na moja uzi ukakaza, fimbo ikapinda, nikadhani nimenasa jiwe, kumbe jiwe linakimbia! Alipotokea juu, wa manjano na madoa yake, kilo tatu na robo, nililia kama mtoto. Mpaka saa nne tulikuwa na kuhe watano.

Sasa Flavian anataka kumi na tano kabla ya wageni wa tarehe ishirini, sawasawa na hivyo. Vikikubalika, kazi ya msimu mzima ni yangu. Hayo ni manyoya thelathini. Nimejaribu majogoo saba wa huku Malangali, wote wana manyoya makavu kama fagio.

Utauliza yale ya kwanza niliyatoa wapi. Kaa chini, kaka.

Niliyanyofoa shingoni kwa Diwani, jogoo wako, asubuhi ile baada ya komunyo, nyuma ya jiko. Kumi na mawili. Nilijua ungekataa, tena ungenicheka mara ya pili. Halafu nikasikia kwa wifi kwamba umemwona Diwani shingo wazi, ukasema jirani yako Mboje kayachukua ya dawa za kiganga, ukaziba kwa miiba njia yake ya kwenda mtoni inayopita shambani kwako. Wanawe na ng'ombe walikuwa wanatumia nusu saa, sasa ni saa moja na robo. Ni siku thelathini na nne leo, nazihesabu. Nilinyamaza kwa hasira yangu na wewe, na mzigo akaubeba Mboje, aliyeleta maziwa lita ishirini kwenye sherehe, na ambaye kati ya wale hamsini na watatu hakucheka. Nilipokwenda Kipili, basi liliposimama hapo kwenu Chala niliinama nikajifanya natafuta kiatu, mtu asinione.

Nakuja Jumamosi. Hodi ya kwanza nitapiga kwa Mboje, nimwombe radhi kwa mdomo wangu. Manyoya usinipe kabla ya hapo. Flavian nimeshamwambia kwamba bila njia kufunguliwa hakuna chambo, amtafute msusi mwingine. Miiba uitoe wewe, kaka, maana nitapita hapohapo.

Msalimie sana wifi. Albina mwambie namletea kuhe mkavu. Na Diwani mpe pole yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Bertilla, msusi wa samaki.