Meno ya Boaz

Migori
16 Februari 1997

Kwa Mama Rael,

Salamu zikukute hapo Kendu Bay ukiwa na nguvu. Huku Sheila wetu ametimiza miaka minne na anaongea kuliko redio. Baba yake ndiye amenifanya nishike kalamu.

Najua hatujawahi kuandikiana. Tangu Boaz anioe sijawahi kula chakula kwako, na sikulaumu. Mimi ni Mkuria wa Kegonga, Dholuo sijui, na wewe ulimtakia mwanao msichana wa karibu. Lakini jambo hili sitaki ulisikie kwa watu.

Mama, Boaz akilala anasaga meno kama mtu anatafuna changarawe. Anakoroma, halafu pumzi inakatika. Nahesabu hadi ishirini, thelathini, ndipo anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Gego moja limepasuka. Mchana anasinzia akiwa amesimama. Mwezi jana alilala kazini kwake, kwenye mizani ya tumbaku mbele ya wakulima, wakamcheka. Majirani wengine wanasema ni minyoo, wengine wanasema amerogwa.

Daktari wa misheni ameniuliza: alikuwa hivi utotoni? Kuna mtu mwingine kwao wa namna hii? Ndiyo maana nakuuliza wewe.

Mkwe wako,
Pauline


Kendu Bay
9 Machi 1997

Nyar Kuria, binti wa Wakuria,

Barua yako nimepata. Mimi mzima, ila goti. Msalimie mtoto.

Boaz utotoni alilala vizuri. Kwetu hakuna mtu wa namna hiyo. Mpe dawa ya minyoo na apunguze nyama jioni. Mwombee pia. Kusaga meno katika Biblia si jambo la mchezo.

Mama Boaz


Migori
22 Juni 1997

Mama,

Habari ya goti? Hapa mvua imepungua na sisi tunaendelea.

Dawa ya minyoo alimeza, haikusaidia. Daktari alimlaza siku mbili akimtazama, akasema koo la Boaz linajifunga akilala, hewa haipiti, na moyo umeanza kuchoka kwa kupigania pumzi. Kuna daktari Mzungu aliyekuwa anamaliza kazi yake hapa. Aliandika kwao akaletewa mashine kuukuu, kubwa kama mkebe wa kuokea mkate. Unaichomeka kwenye stima, inapuliza upepo kwa mpira mrefu hadi kwenye maski ya puani, usiku kucha. Mara ya kwanza Boaz alisema, "Pauline, wananijaza pumzi kama tairi!" Lakini aliamka akiimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu tuoane.

Shida ni meno. Pumzi haikatiki tena, lakini bado anasaga. Akisaga, taya linasukuma maski, upepo unatoroka, na tumerudi pale pale. Alienda Homa Bay kwa daktari wa meno, akatengenezewa plastiki ya kuvaa kwenye meno ya juu. Meno yamepona, lakini sasa mdomo unabaki wazi na upepo unatokea huko. Tumeambiwa tufunge kidevu kwa kitambaa. Vyangu vyote vinateleza.

Boaz anasema wewe ndiye ulishona sare za kwaya yote. Unaweza kunisaidia? Nimepima kwa uzi kutoka utosini kuzunguka chini ya kidevu. Uzi wenyewe nimeuweka ndani ya bahasha.

Mkwe wako,
Pauline


Kendu Bay
13 Julai 1997

Pauline,

Natumaini nyinyi wazima. Goti linaniruhusu kukalia cherehani, ashukuriwe Mungu.

Nimeshona mikanda miwili. Nje ni kaki ngumu ili isivutike, ndani flaneli, isimchubue. Nimeacha tundu la sikio. Anza kukaza utosini, halafu nyuma ya shingo. Akilalamika mwambie ni mimi nimesema. Chai ya rangi jioni aache kabisa, na alale kwa ubavu.

Nina swali. Akilala na hiyo mashine, wewe unalala wapi?

Mwezi wa nane shule zikifungwa, mlete Sheila. Njooni wote.

Mama


Migori
31 Agosti 1997

Mama mpendwa,

Tulifika salama, na samaki walifika bila kuharibika. Sheila amelishika neno lenu la bibi, anauliza kila asubuhi, "Dani atakuja lini?" Sikutegemea kama ungenishika mkono mbele ya majirani zako. Acha niseme hivyo tu.

Mkanda unashika! Daktari alinifundisha kitu: Boaz akianza kusaga, maana yake mara nyingi ni kwamba upepo unavuja mahali. Simwamshi. Nabonyeza maski kidogo, nakaza mkanda, naye anatulia. Wiki hii amesaga mara moja tu. Kazini wamemrudisha kwenye mizani.

Uliniuliza nalala wapi. Nalala kando yake, Mama. Mkono wangu unakaa pale kwenye mkanda.

Mwanao,
Pauline


Kendu Bay
18 Januari 1998

Pauline, nyathina, mtoto wangu,

Sijui kama utaifungua hii. Nimeituma kwa kanisa la kwenu Kegonga. Hali sikuulizi, naijua.

Tangu tumzike Boaz tarehe sita Desemba nyumba hii haina sauti. Uliondoka kesho yake, matanga hayajaisha, Sheila mgongoni. Nilikuona ukipita. Nikajifanya naokota kuni.

Najua kwa nini. Shemeji yangu Elijah alisimama mbele ya waombolezaji akasema, "Mvua imeangusha transfoma, Migori haina stima siku tano, mke anajua mume hawezi kulala bila mashine, na yeye analala fofofo! Mke gani huyo?" Watu wote wakanigeukia mimi, mama mzazi. Ningetamka neno moja wangenyamaza. Mimi nikatazama chini.

Sasa nisikilize. Uliponiuliza kama kwetu kuna mtu wa kusaga meno, nilikujibu hakuna. Nilikudanganya. Baba yake Boaz alisaga meno tangu aliponileta hapa, na pumzi yake ilikatika vile vile. Sikujua ni ugonjwa. Nilidhani ana hasira nami, ananitafuna moyoni. Mwaka wa sabini na tatu nilihamishia mkeka wangu jikoni nipate usingizi. Wiki ya pili nilimpelekea uji asubuhi nikamkuta amekuwa baridi. Watu niliwaambia nilikuwa kando yake. Hata Boaz amekufa akiamini hivyo.

Kama ningekujibu ukweli, pengine daktari angemfuatilia zaidi. Sijui. Najiuliza hilo kila siku. Na Elijah aliposimama, niliogopa asije mtu akaniuliza na mimi nililala wapi. Wewe ulikuwa kitandani pamoja na mumeo. Mimi nilikuwa jikoni. Wakakulaumu wewe, mimi nikawaacha.

Sabato iliyopita nilisimama kanisani nikayasema yote. Elijah alitoka nje. Wengine walilia, wengine mpaka leo hawanisalimu.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, usimnyime Sheila kunijua.

Mama yako,
Rael


Kegonga
1 Machi 1998

Mama,

Barua yako ilikaa kwa mchungaji wiki tatu, na kwangu wiki mbili. Tumeshindia mahindi na maziwa, Sheila amepona malaria. Mimi nipo.

Hukuniuliza kilichotokea, hakuna aliyeniuliza, kwa hiyo nitakuambia. Siku nne za kwanza Boaz alilala akiwa ameketi kwenye kiti, nami nikimtingisha kila pumzi ilipokatika. Mchana Sheila alikuwa na homa, nikawa naye. Tungeenda hospitali, lakini maji yalikuwa yamebeba daraja. Siku ya tano Boaz akanitazama akasema, "Mama Sheila, macho yako yamekuwa ya samaki wa jana. Lala kidogo, mimi nitakaa."

Nikamwambia, "Utasinzia wewe."

Akacheka. "Nikisinzia utasikia meno. Meno haya yanaweza kuamsha kijiji."

Nikalala nikiyangojea. Mama, kilichoniamsha ni kimya.

Basi Elijah hakusema uongo. Nililala. Ila Boaz ndiye aliniambia nilale, na hilo ningetaka ulijue wewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Umeniomba msamaha. Nimejaribu kuliandika neno hilo mara tatu na mara zote nimechana karatasi. Bado naona macho yako yakitazama chini. Lakini pia namwona msichana amebeba mkeka kwenda jikoni kwa sababu ya uchovu, na huyo siwezi kumchukia. Uchovu huo naujua.

Kuja Kendu Bay sitaweza mwaka huu. Njoo wewe. Kwenu mtu halali kwa wakwe, na kwetu vile vile. Nilimuuliza mama yangu, Nyangi, itakuwaje. Akawaza sana, kisha akasema mwiko uliwekewa watu wenye furaha. Yeye hajui Dholuo, wewe hujui Kikuria, mtakaa tu mkimtazama Sheila.

Shuka sokoni, uliza kwa Maroa anayetengeneza baiskeli. Ndiye baba yangu, atakuleta nyumbani. Vitanda hapa ni vichache. Utalala na mimi.

Mwanao,
Pauline