Lodio wa Kwato na Wimbo wa Mwisho Tangini

Mwaka umezunguka, Lodio, tangu tulipokurudisha Isiolo nyuma ya pikapu, umefunikwa shuka lako jekundu. Geti ulilokuwa ukilichomelea bado limeegemea ukuta hapa nyumbani Kiwanjani. Upande mmoja una rangi, mwingine umeanza kushika kutu, na hakuna mwenye moyo wa kulimaliza.

Ulikuwa fundi hodari na mpole kupita kiasi. Kuku akiingia jikoni, wewe ulimwomba atoke. Mlango wa jirani yetu Guracha uliutengeneza mara nyingi, na kila alipouliza bei ulimwambia alete maziwa ya ngamia, basi. Chai yako ilikuwa sukari iliyotiwa majani kidogo. Ndiyo maana majirani walishangaa mazishini kuona vijana wenye fulana nyeusi za mafuvu wakilia kama watoto. Hawakuamini kwamba Lodio yule mnyamavu ndiye alikuwa mwimbaji wa Kwato, bendi ya metali, muziki wa magitaa yanayonguruma na sauti ya kutoka tumboni.

Sauti hiyo ulipewa na babu Lomorukai, baba yake mama. Babu alifika Isiolo bila ng'ombe hata mmoja, lakini wimbo wa maksai wake, ule ambao sisi Waturkana humtungia dume tumpendaye, alikuja nao. Aliinua mikono ikawa pembe, akaimba kwa sauti nzito, na wewe mdogo umekaa miguuni pake. Wimbo ule una desturi yake: mwenye maksai akiita, waliokaa huitika.

"Mtu asiimbie ng'ombe yake peke yake," babu alizoea kusema. "Utafikiri amefiwa na watu wote."

Alifariki ukiwa darasa la nne. Ukabaki na wimbo.

Albamu ya kwanza ya Kwato, Kiangazi, mliirekodi nyuma ya duka la miraa la kina Kiugu, mpiga gitaa wenu, na ukalalamika kwamba sauti yako imetoka kavu. Kwa albamu ya pili ukahamia kwenye tangi letu la chuma, lile kuukuu linalovuja. Uliingia humo na maikrofoni, Kiugu akakaa nje kivulini na kompyuta. Mama alipopita na ndoo hakukuacha.

"Lodio, toka kwa hiyo tangi. Mbuzi ya Guracha itatoa mimba."

"Imebaki wimbo moja tu, mama."

"Hiyo moja yako haiishi."

Ulicheka. Kicheko kilizunguka humo ndani, kikachelewa kutoka.

Huo wimbo mmoja ulikuwa wa maksai wa babu. Ulirekodi mwito wako, ukaacha nafasi tupu baada ya kila mwito. Kesho yake ukaenda Garbatulla kurekodi kengele za mbao za ngamia, ili zifungue albamu. Wakati wa kurudi pikipiki iliteleza kwenye changarawe. Kengele zilikutwa salama ndani ya kinasa sauti chako.

Kiugu ni Mmeru, na nafasi zile hakujua ni za nini. Alidhani ulisahau maneno, akazikata ili wimbo ushikane. Asubuhi alizikuta zimerudi. Akakata tena, zikarudi tena. Halafu akaanza kusikia kitu ndani ya nafasi hizo. Mwezi uliopita alikuja nyumbani macho mekundu, na Abdighani, mpiga ngoma wenu, alikuwa nyuma yake.

"Mama, kuna mtu anamjibu Lodio," Kiugu akasema. "Si mimi. Siku hiyo alikuwa peke yake huko ndani."

"Wallahi mimi sikuwa hata Isiolo," Abdighani akasema.

Habari ilifika kanisani kabla hawajamaliza chai. Mama Kaari, kiongozi wa akina mama, alikuja mwenyewe, akamwita mama kwa jina, na hakuzunguka mbuyu.

"Nakolong, hiyo ni pepo. Ambia huyo kijana afute yote."

Bendi nayo ilisema haitaitoa albamu wala kuifuta mpaka mama aseme neno. Basi sauti yako, ambayo ndiyo tu tuliyobaki nayo, ikawa mikononi mwake. Siku ile hakula. Alikaa karibu na geti lako, akikwangua kutu kwa ukucha.

Mchana wa kesho yake, jua likiwa la utosi, alisema atausikiliza wimbo palepale ulipouimbia. Aliingia tangini na spika, dada yako Jane akamfuata, Kiugu akabaki nje na kompyuta. Nje chuma kiliunguza mkono, lakini ndani kulikuwa na baridi ya kisima. Mbuzi wa Guracha walikuja wakasimama, wote wamelielekea tangi, na hakuna aliyecheua.

Ukaita. Kisha pale pa ukimya sauti nzito ya mbali ikaitika. Ukaita tena, ikaitika tena. Ilikuwa na mluzi mdogo kila mwisho wa neno, mluzi wa mtu aliyeng'olewa meno ya chini ujanani, kama walivyong'olewa wazee wetu. Jane alitaka kutoka. Mama alimshika mkono.

"Kaa," akasema. "Huyo ni baba."

Usidhani hakuogopa. Mkono wa Jane hakuuachia. Lakini uso wake ulikuwa umefunguka, kwa sababu mwaka mzima kilichomnyima usingizi ni kufikiri kwamba huko uliko uko peke yako.

Kwenye mwito wa mwisho mzee hakuitika. Nafasi ilikuwa tupu, tukakusikia ukipumua, ukingoja. Wimbo unaishia hapo. Kiugu alituonyesha kwenye kompyuta kwamba baada ya hapo hakuna kitu. Mama akamwambia aurudishe. Babu alikuwa ameitika sehemu yake, akasema, na hii aliwaachia watu wa nyumbani.

Ulipofika pale pa mwisho, mama akaitika kwa Kiturkana, kwa sauti ya chini, kama anavyomjibu mtoto kutoka jikoni.

Ukaita tena.

Kiugu alikuwa nje, mkono wake haukugusa kompyuta, na ameapa kwamba wakati huo wimbo ulikuwa umekwisha. Sisi hatubishani naye.

Tangi Tupu, albamu ya pili ya Kwato, inatoka leo. Hakuna kilichofutwa, na nafasi ya mwisho haijakatwa. Hiyo ni amri ya mama. Mama Kaari hajafurahi, ila ameleta maandazi. Tangi bado halijazibwa wala kutiwa maji, na tunachota kwa Guracha bila kulalamika.

Unakumbukwa na mama yako Nakolong, dada yako Jane, ndugu zako wa Kwato Kiugu na Abdighani, na jirani yako Guracha pamoja na mbuzi wake, ambao mpaka leo hakuna aliyetoa mimba.

Wewe ita tu, Lodio. Siku zote tutaitika.