Kimya Mbele ya Gitaa

Musonoi, 20 Juni 1993

Kwako shemeji Tshibangu, kule Mwene-Ditu,

Mulifika salama na dada Abigaëlle? Treni ya Bakasai benye kufukuzwa huku ilipobachukua, mi nilibakia na kofia yako mukononi. Huku mvua imekwisha, vumbi imerudi. Mu nyumba yenu muko batu bengine. Nikipita pale ninageuza macho.

Kaseti yetu imetoka, na batu banaipenda. Mutangazaji wa redio amesema gitaa yako inapeleka mutu mu ndoto macho wazi. Ilipaswa nifurahi, lakini situlii. Ninaingia, ninatoka.

Unakumbuka siku tuliporekodi? Mbele ya gitaa yako kuanza, niliita jina lako kwa nguvu, sawa vile baimbaji bote banaita mupiga gitaa: “Tshibangu, ee!” Sasa mwenye duka alikataa kuuza kaseti yenye jina la Mukasai. Nikalifuta, mi mwenyewe. Pale kumebakia kimya kidogo tu.

Jana mutangazaji alisema ile kimya ndiyo nzuri kupita wimbo wote. Anaomba tuiweke mu kila wimbo.

Kofia yako ningali nayo.

Shemeji yako,
Kabemba