Kombe la Shangazi Fakhria

Jeska! Acha kupalilia usome hii. Nimetoka ukumbini Gongoni sasa hivi.

Si kulikuwa na yule mwalimu wa Tanga, anafundisha viumbe wa pwani? Shangazi yangu Fakhria akaja na kombe lake la baharini. LILE. Lililokuja na msafara kutoka Bagamoyo, linalopakatwa na kila bibi harusi wa ukoo. Lile alilosema wewe huliwezi, akamkataza mwanawe Azhar asikuoe, eti mtu wa shamba, wa Ulyankulu, anajua nini cha bahari.

Akalibandika kwenye sikio la mwalimu. "Sikia mawimbi!"

Mwalimu akalipima kiganjani. "Mama, gamba la baharini huwa nene, maana hupigwa na mawimbi. Hili jepesi. Huyu ni konokono wa shambani."

Wa shambani, Jeska! Wa shambani! Ukumbi mzima ukaangua kicheko, Azhar wa kwanza.

Shangazi wala hakutahayari. Akalifunga kwenye mtandio, akanitupia mapajani. "Mpelekee yule Jeska wako. Mali ya kwao hii."

Halafu akamgeukia mwalimu: "Ukirudi Tanga niletee la kweli. Azhar anaoa mwezi ujao."

Jeska.

Ulijua kama anaoa?