Papa, Nilisema Unaweza Kungoja

Papa,

Leo mwalimu wetu wa uuguzi alichora seli ya ubongo ubaoni, nikashindwa kunakili. Ndani yake alichora nyuzi nyembamba za protini, akasema ndizo zinazoisimamisha seli, kama miti na fito ndani ya nyumba ya udongo. Damu isipofika, seli yenyewe huanza kuzikata nyuzi zake. Si mara moja. Zinakatika kidogo kidogo, saa baada ya saa, ndiyo maana mgonjwa wa kiharusi hacheleweshwi.

Nami nilikuchelewesha. Asubuhi ile shambani, mdomo wako ulipopinda na jembe likakuponyoka, nilijua. Dalili zile nilikuwa nimeshafundishwa. Nyumbani, wanaume walikuwa wamekulaza kwenye tipoyi, machela yetu ya miti, wamekuinua mabegani tayari kuanza safari ya hospitali. Lakini katika ukoo wetu mgonjwa mahututi hatoki nyumbani kabla kaka yake mkubwa hajamshika kichwa, na Baba Mukubwa alikuwa kwake Kashebere. Wazee wakanigeukia mimi, msomi wa nyumba: "Anaweza kungoja?" Niliogopa kuambiwa masomo yamenipa kiburi. Nikajibu, "Anaweza."

Papa, nilisema unaweza.

Ulinitazama tu. Wewe uliyekuwa ukiwatania majirani, "Mimi siwezi kufa ovyo, mutoto yangu iko anasomea bagonjwa," siku ile hukuweza kutamka hata jina langu. Wakakushusha chini, Baba Mukubwa akapigiwa simu, tukangoja.

Baba Mukubwa alifika jua likishuka, matope hadi magotini. Siku ya tatu hospitalini ukatuacha. Sijui kama kuwahi kungekuokoa. Najua tu kwamba sikukupa nafasi hiyo, na inaniuma.

Maharagwe uliyopanda tumeyavuna, Mama anakula kidogo. Baba Mukubwa amekonda. Akija hapa Masisi haingii ndani, anakaa mlangoni na kusema, "Ni mimi njo nilimuchelewesha ndugu yangu." Watu wanamfariji, wanalaumu barabara. Mimi nainamia vyombo, naosha sahani iliyokwisha kutakata. Alitembea mbio siku nzima kwa ajili yako, nami nimemwacha abebe kosa langu.

Nisamehe, Papa. Lala salama. Jumamosi napanda pikipiki kwenda Kashebere, na nakuahidi sitarudi kabla sijapiga magoti mbele yake nikasema: "Baba Mukubwa, haukuchelewa. Ni mimi njo nilijua hawezi kungoja, nikasema anaweza."

Binti yako.