Mkono wa Yosefina

Lipangalala,
Ifakara.
19 Mei 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na goti lako liwe limetulia, maana tulipoongea mara ya mwisho ulisema baridi ya Uchindile imelishika tena. Sisi huku tunaendelea. Maji yamepungua mabondeni, watu wako kwenye kuvuna mpunga, na mkweo Evod ameitwa tena Kidatu kukata miwa, kwa hiyo nimebaki na wajukuu zako mapacha.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Nyumba yetu unaijua ilivyo ndogo. Nikishika simu tu, Yosefina anakuja kukaa miguuni pangu kusikiliza kila neno, na haya nitakayokueleza sitaki ayasikie. Ndiyo maana nampa barua hii Fulgence, anayekuja huko kwenye kazi ya kupanda miti. Isome mwenyewe mama, usimpe mtu akusomee.

Nianze na jema. Noela anakula kwa mkono wake. Yule dada Frida niliyekusimulia, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, bado anatufuata nyumbani na pikipiki yake. Mwanzoni nilidhani ataleta dawa au mashine. Alikuja mikono mitupu, akaomba aone ninavyomwogesha mtoto, ninavyomvalisha na ninavyomlisha. Akanionyesha kumvalisha gauni kwa kuanza na ule mkono wa kushoto uliokakamaa. Akanikataza kumlisha akiwa amelala chali. Tukakunja khanga na kumwegemeza kwenye kona ya ukuta ili akae wima. Mpini wa kijiko akauzungushia kipande cha mpira wa baiskeli, ukawa mnene, ukashikika. Na ile ngumi ya kushoto, akasema tusiilazimishe. Tupapase mgongo wa mkono taratibu mpaka vidole vilegee vyenyewe.

Unakumbuka hospitali walivyotuambia kuwa ni mtindio wa ubongo, kwa sababu Yosefina alitoka salama na mwenzake akakawia, akazaliwa bila kulia. Tangu hapo sikutegemea hata kijiko. Siku Noela alipopeleka wali mdomoni, Frida alipiga kigelegele hadi Mama Omega wa jirani akaja mbio akidhani kuna harusi.

Lakini mama, aliyemfundisha hasa ni Yosefina. Tulikuja kugundua kwamba Noela hajaribu kitu mpaka pacha wake akae mbele yake akifanye. Yosefina akifungua mdomo, naye anafungua. Yosefina akifungua kiganja, ile ngumi inaanza kulegea. Mimi nikikaa pale pale na kijiko kile kile, anageukia ukutani. Frida alifurahi sana, akasema dawa tunayo humu humu ndani. Basi tukawa tunamwita Yosefina kila wakati: njoo umwonyeshe mwenzako kikombe, njoo umwonyeshe mwenzako kuvaa. Hakuwahi kukataa, nami nikajisifu kwamba nina mtoto mwenye moyo.

Mwezi uliopita Mwalimu Osward wa darasa la awali aliniita shuleni. Alinieleza kwa upole kwamba Yosefina hachezi na watoto. Wakati wa uji hanywi wa kwake, anazunguka kuwafuta wenzake midomo. Na akipewa penseli anaandika kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ameufumba kifuani kama wa Noela. Mwalimu alimpeleka zahanati, wakamwambia mkono hauna ugonjwa wowote. Nilipofika nyumbani nikamkalisha mapajani, nikamuuliza kwa nini anaufumba. Akanijibu bila kulia, "Nikiufungua, Noela atabaki peke yake."

Nilimpigia Evod. Akasema ni utoto tu, utapita. Nilipomweleza mara ya pili akaniuliza, "Sasa mke wangu, unataka nifanye nini huku niliko?"

Frida alipokuja nikamwambia yote. Alikaa kwenye kigoda na kofia ya pikipiki mapajani. Halafu akasema, "Dada Brigitha, nilikuja kumsaidia mtoto mmoja, nikamfanya mwenzake kuwa kifaa cha kazi." Akanishauri niwatenganishe kidogo kidogo wakati wa mazoezi. Nikamuuliza kama Noela ataendelea hivi hivi. Hakunidanganya. Alisema tutajaribu njia nyingine, ila itakuwa pole pole, na huenda mengine aliyoyapata yakapotea.

Nilijaribu mama. Nilimpeleka Yosefina kwa Mama Omega acheze na watoto wake wakati namlisha Noela. Noela aliuma meno, akakataa chakula siku nzima. Na Yosefina hakucheza. Alisimama kwenye ua wa mabua akichungulia kwetu. Nikamrudisha. Ningefanyaje?

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita Yosefina aliugua malaria, mwili ukichemka. Nilimpa dawa, nikamlaza ndani, nikatoka na bakuli la Noela. Kama kawaida Noela akafunga mdomo. Mara nikamwona Yosefina anatoka mlangoni, anashika ukuta, anakuja kukaa mbele ya mwenzake. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, lakini akajilazimisha kufungua mdomo ili Noela afungue. Nikamwambia arudi kulala. Akaniuliza, "Asipokula je?"

Na mimi mama, mzazi wao wote wawili, nilimwacha akae. Nilimwona anavyotetemeka, nikaendelea kulisha mpaka bakuli likaisha, kwa sababu Noela alikuwa anakula. Ndipo nikambeba Yosefina kumrudisha kitandani. Tangu siku hiyo najiogopa. Najua nitafanya tena.

Krismasi ulisema unataka kumchukua Noela ili mimi nipumzike, nikakujibu vibaya, nikakata simu. Unisamehe. Safari hii nakuomba mwenyewe, ila siyo Noela. Shule zikifungwa mwezi wa sita, panda treni uje umchukue Yosefina. Umwandikishe shule ya hapo kijijini, akae na wewe. Nimeshaongea na Evod. Alilia, halafu akakubali. Najua Noela anaweza kurudi nyuma. Frida anajua pia, na ameniambia hatanilaumu. Nikimbakiza Yosefina hapa namuua yeye, nikimtoa namrudisha Noela kulala chali sakafuni, na hakuna aliyeweza kunionyesha njia ya tatu.

Usimpe kazi ya kumhudumia mtu. Hata ukiumwa goti mama, mwite mtoto wa jirani akuletee maji. Ule mkono usimlazimishe; mwache ashike mchanga, avunje vitu, apigane na wenzake. Atakusumbua kwa swali moja asubuhi na jioni, kama Noela amekula. Mwambie amekula. Mwambie hivyo hata siku ambayo sijakupigia na hujui.

Nisalimie Mjomba Beatus na watu wote wa jumuiya, na uwaambie wajukuu ni wazima. Noela amelala hapa kando yangu ninapoandika, mwenzake bado yuko shule. Mungu akulinde mpaka tuonane hapa stesheni.

Mwanao,
Brigitha