Polisi Amempelekea Mke Wangu Sungura

Mpendwa Mama Bilha,

Naomba unisaidie mbio kabla watu wa Asembo Bay hawajanimaliza kwa kicheko, maana siku hizi hata nikishuka ufuoni kununua samaki wa ngege wavuvi wananipigia miluzi wakiuliza, "Bwana Dalmas, leo mama watoto amekuruhusu kutoka na mbwa?" na mimi ni mtu mzima, Baba Aoko, nimewinda tangu nikiwa kijana, sijazoea maneno kama haya.

Nina mbwa watatu wa kuwinda, na mkubwa wao anaitwa Polisi kwa sababu akishakamata haachilii, sasa mwaka huu wa 1968 mvua imenyesha vizuri, nyasi imepanda mpaka kiunoni, na kupe ni wengi ajabu, wamejipanga kwenye masikio ya Polisi kama mahindi kwenye gunzi. Kwanza niliwapeleka josho pamoja na ng'ombe, nikamsukuma Polisi ndani, akatoka akajilamba, akatapika, akanitazama kwa jicho ambalo mpaka leo linanisumbua. Na sisi wawindaji wa hapa tulifundishwa na baba zetu kwamba mbwa wa kuwinda hashikwishikwi, ukimpapasa analegea anakuwa mbwa wa kulinda chungu, kwa hivyo kumtoa kupe kwa mkono wangu mwenyewe haikuwezekana, nikamwambia Rosa mke wangu, "Nyar Alego," ndivyo ninavyomwita kwa sababu kwao ni Alego, "hii kazi ya kupe ni ya jikoni, fanya wewe."

Mama, alifanya! Kila jioni jua likiwa bado liko juu ya ziwa anakaa kwenye kigoda nje ya jikoni, kichwa cha Polisi kiko pajani, mkebe wa mafuta ya taa uko pembeni, anatoa kupe mmoja mmoja anamtumbukiza mkebeni, na huku anamsimulia Polisi mambo yote ya siku, nani amegombana na nani kwenye feri ya Luanda Kotieno, goti linavyomuuma akitoka kuteka maji, jinsi alivyomwota marehemu mama yake, mambo ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuyasikia, nayasikia tu nikipita, na Polisi anasikiliza ametulia kabisa, halafu Rosa anahamia kwa hao mbwa wengine. Muda si muda mbwa wote wakanenepa, manyoya yakang'aa, nikafurahi sana nikijua mawindo ya safari hii ni yangu.

Basi pembe ikalia asubuhi, wawindaji tukakusanyika na mikuki na rungu, na kelele, na matusi ya kirafiki, na sungura mmoja mkubwa akachomoka mbele yetu. Jirani yangu Laban, ambaye mdomo wake haujui likizo, aliwaita mbwa wake wakakaa chini wakijikuna, kupe tele, lakini Polisi wangu, yawa! aliruka kichaka, akakata kona, akamkamata, nikajipiga kifua nikapaza sauti, "Huyo ni wangu!" nikanyoosha mkono kumpokea. Polisi akanipita kama anayepita kigingi. Akampita Laban, akawapita watu wote, akaenda mpaka njiani, na nani alikuwa anapita hapo na kikapu cha samaki kichwani akitoka ufuoni? Rosa! Akamwekea sungura miguuni, akatingisha mkia, na hao wawili wengine wakaja wakajipanga nyuma yake. Watu walianguka kwa kucheka, hata mimi nilicheka kidogo kabla sijakumbuka kwamba anayechekwa ni mimi.

Na kwetu sheria ya mawindo ni kwamba mgongo wa mnyama ni wa mwenye mbwa aliyemkamata, kwa hivyo Laban akapanda juu ya kichuguu akauliza kwa sauti, "Wazee, mwenye mbwa hapa ni nani?" na Mzee Absalom, ambaye ndiye mkubwa wa mawindo yetu, akafuta machozi ya kicheko akaamua kwamba mwenye mbwa ni yule aliyeletewa. Rosa akapewa mgongo. Jioni akaupika vizuri sana, akanimegea kipande, akaniambia, "Karibu, Baba Aoko, leo wewe ni mgeni wangu."

Sasa mawindo makubwa yanakuja baada ya mavuno, watu wa kata zote watakuwepo, na Mzee Absalom amesema nimalize hili jambo kabla ya siku hiyo, kwa sababu akitaja wenye mbwa hataki ubishi, na kama mbwa ni wa Rosa basi mimi nitatembea nyuma pamoja na wale wasio na mbwa, kazi yao kupiga vichaka na kubeba nyama za wenzao. Laban ananishauri nimfunge Polisi kamba mbali na jikoni. Nikimkataza Rosa, kupe watarudi, na mwaka jana kupe waliniulia mbwa mzuri, alikataa kula, ufizi ukawa mweupe, akaisha hivi hivi. Nikimwacha aendelee, mimi ni mpiga vichaka. Polisi nampenda, Mama, ingawa sijawahi kumwonyesha. Nimzuie Rosa au nifanye nini?

Ni mimi Dalmas, Asembo Bay.

MAMA BILHA ANAJIBU:

Dalmas, barua yako niliisomea hapa dukani Kondele, nikacheka mpaka mume wangu Gichuki akaacha kupima unga akaja kuuliza kuna nini. Nikamsomea. Wateja nao wakadai wasomewe. Kisumu nzima sasa iko upande wa Polisi, na mimi pia.

Tumemaliza kucheka. Kaa chini nikugombeze.

Ati kupe ni kazi ya jikoni! Ulidhani unamtupia Rosa uchafu, kumbe ulimkabidhi mbwa. Mnyama anaumwa masikio usiku na mchana, mtu mmoja anamwondolea hayo maumivu kwa vidole vyake, mwingine anamsukuma joshoni. Wewe ungempelekea nani sungura? Na huo uoga wa kwamba ukimpapasa atalegea, ebu jiulize vizuri: mbwa wa Rosa wamepapaswa kila jioni na wamekamata. Mbwa wa Laban hawajaguswa na mtu na walikuwa wamekaa wanajikuna. Hiyo kamba aliyokushauri umfungie Polisi, mwambie afungie mdomo wake.

Sasa sikia. Polisi asiingie josho la ng'ombe tena. Dawa ile ni kali, na mbwa hujilamba. Nenda kwa daktari wa mifugo, mwombe dawa ya kuogeshea mbwa, akuonyeshe mwenyewe jinsi ya kuichanganya, usikisie. Kupe mshike karibu kabisa na ngozi, mvute polepole bila kumpinda, na usimfinye kwa kucha ile damu ikurukie. Moto wa sigara ambao watu huchomea kupe usimguse mbwa, na mafuta ya taa yabaki mkebeni yasimwagiwe juu yake. Tazama ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani na chini ya mkia. Nyasi wanazolalia zichome uweke nyingine, na hapo pafagiwe. Kata hilo pori lililofika kiunoni karibu na boma, uwaache kuku wapite, wanakula kupe kwa furaha. Ukiona tena ufizi mweupe na kukataa chakula, usingoje mbwa aishe hivi hivi. Mbebe hata mgongoni umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Na haya yote utafanya wewe, kuanzia leo jioni, mbele ya watu, hata Laban akipita. Leta kigoda chako ukiweke kando ya cha Rosa. Yeye achukue sikio moja, wewe chukua lingine.

Halafu nyamaza usikilize. Maana kuna kitu umekiandika ukakipita mbio, mimi nikakiona. Goti la mke wako linamuuma, anamwota mama yake, na anayejua ni mbwa! Rosa hakuwa na mtu wa kuongea naye jioni, akampata Polisi. Wewe unaniambia unampenda Polisi ila hujawahi kumwonyesha. Ngai! Ni Polisi peke yake? Maji kateke wewe mpaka goti lipone, na umuulize ile ndoto ilikuwaje.

Mkikaa hivyo mpaka mavuno, nenda kwenye mawindo makubwa bila wasiwasi, na umwombe Rosa aje asimame karibu nawe pembe ikilia. Polisi atakamata, hilo sina shaka. Siku atakayorudi na sungura mdomoni, akasimama katikati yenu akiwatazama mmoja mmoja, hajui amwekee nani, mwambie Mzee Absalom awataje nyote wawili kuwa wenye mbwa, na huo mgongo mkaule kwenye sahani moja.